Kwa nini mkono wa gia hulegea? Historia ya bushi inayokufa kwanza

Ukipanda gari la siku nyingi kutoka Makambako kwenda Njombe, kama kilomita 60 hivi za kupanda na kushuka, tazama mkono wa kushoto wa dereva. Wapo wanaotafuta gia kama mtu anayetafuta tundu la kitasa gizani: anasukuma mbele, anarudisha kidogo, anaegemeza kushoto, ndipo namba tatu inakubali. Mkono wa gia unacheza kama kijiko ndani ya kikombe. Abiria nyuma wanapeana hukumu: "Hapa giaboksi imekwisha."

Mara nyingi haijaisha. Kilichokwisha ni kipande cha plastiki kinachoenea kiganjani, ambacho mafundi wanakiita bushi. Na ukitaka kujua kwa nini kipande kidogo hivyo kinaweza kulitingisha gari zima, inabidi turudi nyuma zaidi ya miaka mia moja.

Mkono mmoja, kazi mbili

Mwaka 1891 kampuni ya Kifaransa ya Panhard et Levassor ilianza kutengeneza magari yenye mpangilio ambao hata leo unautambua: injini mbele, inafuata klachi, kisha giaboksi, halafu nguvu inakwenda magurudumu ya nyuma. Gia zake zilikuwa za kusukumana kwenye mhimili, na dereva alizisogeza kwa mkono wa chuma. Katika magari mengi ya enzi hizo mkono ulifuata mstari mmoja tu: kutoka namba tatu kurudi namba moja, lazima upitie namba mbili.

Mabadiliko makubwa yalikuja na Mercedes ya mwaka 1901, iliyobuniwa na Wilhelm Maybach. Mkono wake ulipita kwenye njia zaidi ya moja, ukaweza kwenda pembeni na pia mbele na nyuma. Huo ndio mzizi wa ile herufi H unayoiona imechorwa juu ya kirungu cha gia. Tangu hapo mkono una kazi mbili: kwenda kushoto au kulia ni kuchagua, kwenda mbele au nyuma ni kuingiza.

Sasa jiulize: kitu kinachotakiwa kuelekea pande zote nne utakishikiza vipi? Huwezi kukipigilia. Jibu lililozoeleka ni kukipa kichwa cha mviringo kama goroli, kikae ndani ya kikombe. Kiungo cha namna hiyo kinafanya kazi kwa kusuguana, na kinachosuguana huisha.

Kadiri mkono ulivyohama

Kwa muda mrefu mkono ulikaa juu ya giaboksi yenyewe, ukatumbukia ndani moja kwa moja. Kiungo kilikuwa kimoja, njia ilikuwa fupi. Pickup nyingi za Toyota Hilux na Land Cruiser zinazobeba viazi na mbao mkoani Njombe bado ziko hivyo.

Mwishoni mwa miaka ya 1930 watengenezaji wa Marekani waliuhamishia mkono kwenye shina la usukani ili watu watatu wakae mbele bila kubanwa magoti. Afrika Mashariki mtindo huo ulijulikana sana kupitia Peugeot 404, gari ambalo Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, alishinda nalo mashindano ya Safari mwaka 1966 na tena 1967. Lakini kuutoa mkono sakafuni kulikuwa na bei yake. Sasa kulihitajika vyuma vya kupeleka mwendo kutoka kwenye usukani hadi kwenye giaboksi, na kila vyuma viwili vilipokutana pakawa na kiungo kingine cha kuisha.

Hatua ya tatu ni injini kulazwa kwa upana wa gari, mtindo uliopata umaarufu kupitia Mini ya mwaka 1959. Toyota Corolla ilifuata njia hiyo kuanzia kizazi cha mwaka 1983. Giaboksi ikasogea ubavuni mwa injini, mkono ukabaki katikati ya viti, na kati yao zikapita kebo mbili: moja ya kuchagua, nyingine ya kuingiza. Miisho ya kebo hizo nayo ina bushi zake.

Kwa hiyo historia ya mkono wa gia ni historia ya kuuweka mbali na giaboksi kwa ajili ya raha ya abiria. Kila hatua iliongeza viungo, na kila kiungo kiliongeza mahali pa kulegea.

Hesabu ndogo

Chukua mkono wenye sentimita 30 juu ya goroli na sentimita 5 chini yake. Bushi ya chini ikilika milimita 1 tu, kirungu kilicho kiganjani mwa dereva kitacheza milimita 6, kwa sababu 30 gawanya kwa 5 ni 6. Ukiongeza milimita moja nyingine kwenye bushi, unapata zaidi ya sentimita nzima juu. Ndiyo maana uchakavu usioonekana kwa macho unahisiwa na mkono kama maafa.

Kwa nini basi wahandisi waweke plastiki, eti wakijua italika? Kwa sababu waliitaka ilike. Nailoni ilibuniwa mwaka 1935 katika maabara za kampuni ya DuPont, na baadaye ikaingia kwenye mashine kwa sifa tatu: inateleza, haipigi kelele kama chuma kwa chuma, na ni laini kuliko chuma. Sehemu mbili zikisuguana, busara ni ile ya bei ndogo ndiyo iishe. Bushi imewekwa pale ife kabla ya vinavyoizunguka.

Bushi ilivyofika Njombe

Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilikauka na spea zikawa adimu nchini. Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na mlango wa magari yaliyotumika ukaanza kufunguka. Japani ikafaa kuliko wengine. Wajapani wanaendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo usukani uko kulia. Tena huko gari binafsi jipya linakaguliwa kwa lazima baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na gharama za ukaguzi huwashawishi wengi kuliuza gari likiwa bado linatembea vizuri.

Maana yake gari linatua bandarini Dar es Salaam likiwa na injini nzima na bushi iliyokwisha kutumika nusu ya maisha yake. Nusu iliyobaki inaliwa na vumbi, joto la injini na gia zinazobadilishwa kila kona. Makambako, njia panda ya barabara kuu ya Zambia na ile ya Njombe na Songea, ni mahali pa kawaida kwa gari kukumbuka umri wake.

Hapo anaingia fundi wa kukereza. Spea halisi ikikosekana, yeye huchonga bushi kwenye mashine, na kazi hiyo inastahili heshima. Swali la kumuuliza ni moja: anachonga kwa kitu gani? Bushi ya chuma inaonekana imara, lakini imegeuza mpango wote. Sasa kitakacholika ni goroli ya mkono au kikombe chake, ambavyo ni ghali. Kipande cha kandambili nacho kinabonyea, gia inaingia nusu. Gia iliyoingia nusu huruka ikipata mzigo, na kila inaporuka inakula meno yake. Hapo ule uongo wa "giaboksi imekwisha" unageuka kweli, na sababu ni bushi tu. Mwambie fundi akereze nailoni ngumu.

Jinsi ya kujua kabla hujalipa

Zima injini, vuta handibreki, weka kigingi kwenye magurudumu. Tikisa mkono gari likiwa ndani ya gia. Ukicheza sana bila kugusa upinzani wowote, shuku bushi. Kwa gari la kebo, mwenzako abadilishe gia wewe ukitazama kwa juu, boneti ikiwa wazi: mkono ukitangulia na kebo ikichelewa, tatizo liko njiani.

Kwa Hilux nyingi za zamani, ukitoa mpira wa juu unakuta kofia ya chuma. Igandamize chini, izungushe kinyume cha saa, mkono unatoka wote. Ziba tundu kwa kitambaa safi mara moja, maana mchanga ukidondoka humo ndipo utakapojua giaboksi ni nini. Badilisha bushi, paka grisi, rudisha.

Lakini gia ikisaga kwa mlio, hilo si la bushi peke yake. Angalia klachi na vilinganisha mwendo vya ndani, teknolojia iliyoanza na Cadillac mwaka 1928. Na ikiwa ngumu asubuhi tu, Juni au Julai, kumbuka Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya bahari. Huenda ni oili iliyoganda kwa baridi.

Usilipuuze jambo hili kwa sababu kipande ni kidogo. Kwenye miteremko ya Lukumburu, barabara ya Songea, gari lenye mzigo linashikiliwa na gia kabla ya breki. Dereva akiikosa namba mbili pale, gari linabaki huru na breki zinabeba kila kitu mpaka zipate moto. Ukiwa abiria na ukaona mkono wa gia unaogelea, una haki ya kumwuliza dereva: "Kaka, bushi umebadilisha lini?"