Salamu za Redio na Lugha ya Mpakani: Tunduma kabla ya Simu ya Mkononi

Historia ya mawasiliano ya wengi kwa wengi nchini Tanzania aghalabu huanzishwa na simu ya mkononi. Mwanzo huo ni wa karibu mno. Tangu mwaka 1923 gazeti la Mambo Leo lilichapisha barua, mashairi na habari za miji zilizoletwa na wasomaji wenyewe, na wa mji mmoja akamjibu wa mji mwingine. Redio iliurithi utaratibu huo.

Katika Redio Tanzania Dar es Salaam, mtuma salamu alinunua kadi, akaandika jina lake, pengine na lakabu, kisha akaorodhesha aliowasalimu. Mtangazaji aliisoma, na waliotajwa wakajibu kwa kadi zao. Kwa umbo lake, redio ni sauti ya mmoja kwa wengi. Kwa matumizi haya, ilikuwa baraza, na mtangazaji alikuwa kinywa cha kuazima tu.

Tunduma inalitia doa baraza hilo. Mpaka uliotokana na mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890 uliwagawa Wanyamwanga, baadhi upande wa Momba, wengine upande wa Nakonde. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, iliongeza wasafiri, biashara na Kiswahili. Hata hivyo, hewani jamaa wa pande hizo mbili hawakuweza kusalimiana kwa lugha yao. Idhaa ya taifa ya Tanzania ilitumia Kiswahili. Redio ya Zambia, mbali na Kiingereza, ilitangaza kwa Kibemba, Kinyanja, Kitonga, Kilozi, Kikaonde, Kilunda na Kiluvale. Kinyamwanga hakimo. Sera mbili zilizotofautiana kabisa, moja ya lugha moja na nyingine ya lugha nyingi, zilizaa tokeo lile lile.

Wanaisimujamii wameisifu redio, na kwa haki, kwa kukieneza Kiswahili. Wamekuwa wepesi mno, hata hivyo, kukichukulia kimya cha lugha nyingine kuwa ridhaa ya wazungumzaji wake. Kinyamwanga hakikunyamaza; kiliendelea sokoni na msibani, mahali ambapo kumbukumbu za idhaa hazifiki.

Kundi la simu halina kadi wala msomaji, na halimchagulii mtu lugha. Mtafiti wa Tunduma ana la kuuliza humo: jamaa wa pande mbili wanapoandikiana Kinyamwanga, wanafuata tahajia ya Kiswahili walichosomeshwa shuleni, au ile iliyoanzia misheni ya Mwenzo, ng'ambo ya mpaka?