Ombi la Fedha na Swali la Utafiti: Funzo Kutoka Historia

Katika idara zetu za lugha, ombi la fedha za utafiti aghalabu huhesabiwa kuwa kazi ya ukarani: kurasa tatu au nne zinazoandikwa kwa haraka na kusahauliwa mara fedha zipatikanapo. Makala haya yanashikilia kwamba kurasa hizo ni sura ya kwanza ya utafiti wenyewe. Swali linalowekwa humo ndilo linaloamua kitakachotafutwa, na kwa hiyo kitakachoonekana. Mifano miwili yatosha kulithibitisha jambo hili.

Mwaka 1926 iliundwa mjini London Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Kiafrika. Lugha zilipewa nafasi kubwa tangu mwanzo. Mwaka 1927 taasisi ilitoa mwongozo wa tahajia za lugha za Kiafrika, kazi iliyohusishwa sana na Diedrich Westermann. Mwaka 1931 Wakfu wa Rockefeller wa Marekani ulikubali kuifadhili. Mpango wa miaka mitano uliochapishwa mwaka 1932 ulitanguliza mabadiliko ya jamii za Kiafrika zilipokumbana na utawala na uchumi wa Ulaya. Swali likiwa hilo, fedha ziliwaelekea zaidi wanaanthropolojia, miongoni mwao Meyer Fortes na Siegfried Nadel. Uchunguzi wa lugha haukukoma, lakini haukuwa tena kiini cha mpango.

Mfano wa pili u karibu nasi zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Wakfu wa Ford uligharimia uchunguzi wa matumizi na ufundishaji wa lugha katika nchi tano za Afrika ya Mashariki na jirani zake. Matunda yake ni vitabu vitano: cha Uganda (1972), Kenya (1974), Ethiopia (1976), Zambia (1978) na Tanzania (1980). Kile cha Kenya kilihaririwa na Wilfred Whiteley, aliyefariki mwaka 1972 kabla hakijatoka. Hapana mwanafunzi wa isimujamii wa sehemu hizi awezaye kuvipuuza.

Hata hivyo, tuutazame mpango wenyewe. Kila nchi ilipewa kitabu chake. Mgawanyo huo ulikuwa na sababu njema, kwani sera za shule ni za serikali, na ni serikali zilizotarajiwa kuyatumia matokeo. Lakini lugha hazifuati mipaka ya serikali. Kimaasai na Kijaluo, zinazosemwa Kenya na Tanzania, ziligawanywa baina ya vitabu viwili. Kiswahili chenyewe kikatawanyika katika zaidi ya kimoja. Isitoshe, vyote vitano viliandikwa kwa Kiingereza, na ni cha Zambia pekee kilichokuwa na mhariri Mwafrika, Mubanga Kashoki. Hatusemi haya kwa kuwalaumu wafadhili. Fedha zilifanya kazi iliyoombewa. Lawama, ikiwapo, ni ya swali.

Basi mwandishi wa ombi fupi ajifunze nini? Kwanza, aweke swali moja, lake mwenyewe, lililozaliwa na lugha anayoichunguza, kisha amtafute mfadhili ambaye shabaha zake zinaafikiana nalo. Anayeanza na matangazo ya mfadhili, halafu akalikata swali lake kama nguo kwa kipimo cha mwingine, hatimaye huvaa asichokihitaji. Pili, aonyeshe kwa aya moja kazi iliyokwisha kufanywa na pengo lililobaki. Tatu, aeleze njia kwa namna ambayo msomaji asiye mwanaisimu ataielewa: watahojiwa watu gani, wapi, kwa muda gani. Nne, kila shilingi katika makadirio ilingane na tendo lililotajwa katika maelezo. Tano, jambo linalosahauliwa mno, aseme kanda, maandishi na msamiati vitahifadhiwa wapi, na wasemaji wenyewe watarudishiwa nini katika lugha yao. Gharama ya tafsiri na uchapishaji isiyoombwa mwanzoni ni nadra kupatikana mwishoni.

Wazee wanaozihifadhi lugha zetu ndogo hawatatungoja tusahihishe swali baada ya miaka mitano. Lisahihishwe sasa, katika kurasa hizo tatu au nne, kabla ya ombi kutiwa sahihi.