Msaidizi wa mwalimu Marekani hufundishwa nini kabla ya kuachiwa mtoto?

Katika shule nyingi za Marekani, darasa moja huwa na watu wazima wawili. Mmoja ni mwalimu mwenye cheti. Wa pili ni msaidizi wake. Huyu ndiye anayekaa na mtoto anayehangaika kusoma, anayemsindikiza chooni mwenye ulemavu, na anayemtafsiria mwanafunzi aliyehamia juzijuzi. Wapo wanaofanya kazi hiyo kwa Kiswahili, hasa kwenye miji iliyopokea wakimbizi kutoka Kongo.

Kwa hiyo mtoto mwenye uhitaji mkubwa zaidi mara nyingi anatumia siku yake na mtu aliyesomea ualimu kidogo zaidi. Hapo ndipo suala la mafunzo linapokuwa zito.

Sheria ya nchi inadai nini

Sheria ya No Child Left Behind, iliyosainiwa Januari 2002, iliwabana wasaidizi wanaofundisha kwa fedha za Title I, fungu la serikali kuu kwa shule zenye watoto wengi wa familia maskini. Diploma ya sekondari peke yake haitoshi. Msaidizi awe amesoma chuo miaka miwili, ama afaulu mtihani.

Mtihani unaotumika sana ni ParaPro: maswali 90 ya kuchagua jibu, saa mbili na nusu, kusoma, kuandika na hesabu. Kikokotoo hakiruhusiwi. Alama ya kufaulu kila jimbo hujipangia. Washington ni 455.

Sasa, kujua sehemu na asilimia ni jambo moja, kumtuliza mtoto aliyejificha chini ya meza ni jambo lingine kabisa. Sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu, IDEA, inataka msaidizi awe amefunzwa ipasavyo na anasimamiwa. Lakini haisemi ni kwa saa ngapi. Ndiyo maana wilaya moja inaweza kumpa mafunzo ya siku kadhaa, nyingine ikampa funguo na ratiba tu.

Washington walichofanya

Jimbo la Washington lilipitisha sheria yake mwaka 2017. Msaidizi huanza na kozi ya msingi ya saa 28, inayotolewa na wilaya ya shule. Humo anajifunza mbinu za kumsaidia mwanafunzi, kukusanya taarifa za maendeleo yake, maadili ya kazi, usalama na dharura, na namna ya kufanya kazi na mwalimu bila kugongana. Baadaye kuna saa 70 za cheti cha jumla. Anayetaka kubobea katika elimu maalumu, au kwa wanafunzi wanaojifunza Kiingereza, anaongeza saa 20 kwa kila eneo.

Mpango mzuri, ila una mlango wa nyuma: wajibu huo unategemea bunge la jimbo kutenga fedha. Pesa isipotengwa, saa zinapungua.

Kusaidia au kuganda?

Mwaka 1997 Michael Giangreco wa Chuo Kikuu cha Vermont na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wasaidizi waliopangiwa mwanafunzi mmoja mmoja. Waliona msaidizi akiganda kwa mtoto kutwa nzima, mwalimu anaanza kumwona mtoto huyo si wake. Wenzake hawamkaribii. Naye anazoea kungoja mtu mzima amwambie afanye nini. Kuna waliopelekwa hata kwenye choo cha jinsia ya msaidizi badala ya chao wenyewe.

Kumbe kujua wakati wa kurudi nyuma hatua mbili ni ujuzi, na mtu hazaliwi nao. Mafunzo yanayofaa humwonyesha msaidizi jinsi ya kutoa dokezo dogo kwanza, kusubiri, kisha kupunguza msaada kidogo kidogo. Na mwalimu naye anahitaji kufundishwa kumsimamia, jambo ambalo husahaulika kweli.

Kwa aliyesoma nje

Mwenye vyeti vya Afrika hahitaji kuanza sifuri. Masomo ya chuo cha nje hupelekwa kwa taasisi inayotambuliwa, yakapimwa kwa mizani ya Marekani, kisha yakahesabiwa. Washington ina pia njia ya wafanyakazi wa shule kusomea ualimu huku wakiendelea na kazi: mmoja wa milango hiyo ni kwa mwenye shahada ya miaka miwili, mwingine ni kwa mwenye shahada kamili. Pa kuanzia kuuliza ni ofisi ya ajira ya wilaya ya shule.