Mikuki Mitatu ya Zamość

Kusini-mashariki mwa nchi ya Poland umo mji mdogo uitwao Zamość. Ukiitazama nembo yake, ewe msomaji, utamwona Mtume Tomaso, na pamoja naye ngao nyekundu yenye mikuki mitatu ya dhahabu. Ngao hiyo huitwa Jelita, maana yake matumbo. Yasimuliwa kwamba mwaka 1331, baada ya vita vya Płowce, mfalme alimkuta askari amechomwa mikuki mitatu, naye anayazuia matumbo yake kwa mikono. Mfalme akamhurumia, akaamuru atibiwe, na mikuki ile ikawa alama ya ukoo wake. Hiyo ni hadithi tu. Lakini ndiyo ngao waliyoishika akina Zamoyski.

Mwaka 1580 Jan Zamoyski, mshika muhuri mkuu wa mfalme, aliujenga mji huu. Alikuwa amesoma Padua, Italia. Hivyo akamwajiri Mtaliano, Bernardo Morando, auchore wote kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Kwa kuwa mji bila wafanya biashara ni boma tupu, aliwapa haki za kukaa humo Waarmenia mwaka 1585, Wayahudi mwaka 1588, na Wagiriki mwaka 1589. Kuta zake ziliwazuia Wasweden mwaka 1656.

Lakini ukuta haukufaa kitu Wajerumani walipoiteka Poland mwaka 1939. Wayahudi wa mji, ambao walikuwa maelfu, walipelekwa kuuawa. Tangu Novemba 1942 watu wapatao 110,000 walifukuzwa katika vijiji vya wilaya ile, wakiwamo watoto wapatao 30,000. Hata jina la mji lilikusudiwa kufutwa, uitwe kwa jina la Himmler, mkuu wa wauaji hao.

Leo jina ni lile lile, na mwaka 1992 UNESCO iliutia mji huo katika urithi wa dunia. Sinagogi ya karne ya 17 ingali imesimama, ila wengi wa waliosali humo hawakurudi.

Basi fikiri, msomaji. Nembo ile yamkumbuka mwenye mji. Mwarmenia na Myahudi, waliouneemesha, hawamo. Kila uonapo alama ya mji, uliza mambo mawili: ni nani aliyechorwa, na ni nani aliyeachwa? Swali la pili ndilo mlango wa historia.