Kidole gumba, kope na maabara: Maskati ilivyovifukuza vikope

Katika majabali ya Oman anaishi mbuzi mwitu mwenye manyoya marefu anayebeba jina la daktari. Wataalamu humwita Arabitragus jayakari. Baharini yuko farasi-bahari, Hippocampus jayakari, na nchi kavu wako nyoka na mjusi wenye jina hilohilo. Jayakar mwenyewe alikuwa Mhindi, Atmaram Sadashiv Grandin Jayakar, daktari wa serikali ya Waingereza ya India aliyekaa Maskati karibu miaka 30 katika nusu ya pili ya karne ya 19. Alikusanya samaki na kuwapeleka London, akaandika juu ya Kiarabu cha Oman, akakusanya na methali zake. Mtu akiisoma orodha ya kazi zake anaweza kujiuliza kama alipata wasaa wa kumwona mgonjwa hata mmoja.

Aliwaona. Taarifa yake kuhusu mji wa Maskati, hali yake ya hewa na maradhi yake, ilitoka ndani ya ripoti ya kiserikali ya mwaka 1876-77. Mwaka 1876 ndipo kilipochapishwa London kitabu cha James Christie, daktari aliyefanya kazi Unguja, kuhusu kipindupindu cha Afrika Mashariki. Christie hakuwa na kipimo chochote cha kukitambua kijidudu. Kifaa chake kilikuwa maswali. Aliwauliza wasafiri na wafanyabiashara wa misafara, akaunganisha majibu, akaonyesha kwamba kipindupindu kilichoikumba Unguja mwaka 1869 hakikuja na jahazi kutoka ng'ambo kama ambavyo mtu angedhani. Kilishuka kutoka kaskazini kwa njia ya bara, kikapita nchi ya Wamasai, kikafika Pangani, ndipo kikavuka maji.

Basi miji miwili iliyotawaliwa na ukoo mmoja ilikuwa na madaktari wawili wanaoandika juu ya maradhi ambayo hawakuweza kuyaona yanatokana na nini. Na mwaka huohuo wa 1876, Robert Koch, daktari wa mji mdogo wa Ujerumani, alitangaza kwamba amekifuatilia kijidudu cha kimeta tangu mwanzo wa uhai wake hadi mwisho. Mwaka 1882 akakitaja cha kifua kikuu, kisha, kati ya Misri na Calcutta, mwaka 1883 na 1884, cha kipindupindu. Tangu hapo daktari alikuwa na haki ya kudai ushahidi: niletee makohozi, niletee choo, nikuonyeshe mwizi.

Ushahidi huo ulichelewa kufika Oman. Aliyefika ni Sharon Thoms, daktari mmisionari wa Kimarekani, ambaye mwaka 1913 alianguka kutoka kwenye nguzo alipokuwa akitandaza waya wa simu Matrah, mji jirani na Maskati, akafa. (Madaktari wa zamani walifanya kila kitu, na wakati mwingine hicho kila kitu ndicho kilichowaua.) Baadaye alikuja Paul Harrison, na katika miaka ya 1930 hospitali ya misheni ikasimama Matrah. Mwaka 1939 alirejea mtoto wa yule aliyeanguka, Wells Thoms, akatibu hapo hadi 1970. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo, mtu wa Nizwa au wa Sur aliyetaka hospitali alikuwa na safari ya Matrah mbele yake, na mara nyingi safari hiyo ilikuwa ya mnyama au ya mashua.

Waliofika walikuwa na kifua kikuu, ukoma, malaria, na macho. Macho hasa.

Kifua kikuu kina heshima fulani. Ukipaka makohozi kwenye kioo, ukayatia rangi na kuchungulia kwenye hadubini, vijidudu hujitokeza vyekundu kama vijiti. Vikope, au trakoma kama hospitali inavyosema, havina adabu hiyo. Bakteria wake, Chlamydia trachomatis, haoti kwenye sahani ya maabara hata umlishe nini, maana huishi ndani ya seli hai tu. Huhama kutoka jicho hadi jicho kwa vidole, kwa taulo na kwa nzi wanaofuata uso wa mtoto wenye makamasi na tongo. Mtoto huambukizwa, hupona, huambukizwa tena. Makovu hujikusanya upande wa ndani wa kope ya juu, kope hujikunja, nywele zake zikaanza kuusugua uso wa jicho kila anapopepesa. Upofu huja taratibu, mtu akiwa amekwisha kuwa mama au bibi. Katika nchi nyingi zenye ugonjwa huu wagonjwa hujing'olea nywele hizo kwa kibano, moja moja, na kila zikiota huzing'oa tena.

Historia ya kumsaka bakteria huyu imejaa aibu na ushujaa. Mwaka 1907 huko Java, Halberstaedter na von Prowazek waliona alama zake ndani ya seli, lakini hawakuweza kumtoa. Miaka 20 baadaye Hideyo Noguchi, bingwa mwenye jina kubwa, alitangaza amempata, naye alikuwa amekosea. Aliyempata kweli ni Tang Feifan wa Beijing, katikati ya miaka ya 1950. Alimwotesha ndani ya kiiniyai cha yai lenye kifaranga, akitumia streptomaisini kuwaua bakteria wengine na kuichunga penisilini isije ikamuua huyo anayemtafuta. Ili asibaki mtu wa kubisha, mwanzoni mwa 1958 alijitia vijidudu hivyo jichoni mwake mwenyewe akaugua. Mwaka huohuo, katika kampeni za kisiasa zilizowaandama wasomi wa China, alijiua. Nikilinganisha kazi yake na jinsi jina lake lilivyosahaulika, naona uchungu.

Lakini ugunduzi wa Tang haukumsaidia sana daktari wa kijijini. Nani ataotesha mayai bondeni chini ya Jabal Akhdhar? Utambuzi ulibaki kuwa wa mkono: unamkalisha mtoto, unaipindua kope ya juu kwa kidole gumba, unatazama kwa lenzi ndogo. Mwaka 1987 Shirika la Afya Duniani lilikubaliana juu ya kipimo rahisi ambacho muuguzi anaweza kujifunza: vinundu 5 au zaidi katikati ya upande wa ndani wa kope ya juu, kila kimoja kisipungue nusu milimita. Haitakiwi damu wala umeme.

Oman ilikipokea kipimo hicho ikiwa imekwisha kubadilika. Sultan Qaboos alipotwaa madaraka Julai 1970, nchi nzima ilikuwa na shule 3 za serikali na kilomita chache za lami. Wizara ya Afya ikaundwa, na wakaitwa nyumbani Waomani waliokuwa ng'ambo, wengi wao kutoka Unguja, ambako mapinduzi ya 1964 yaliwatawanya. Walikuja na vyeti vya shule, Kiingereza na Kiswahili, na Kiswahili hicho kikasikika kwenye korido za wizara na wodi za hospitali, mara nyingine kabla ya Kiarabu chao kunyooka. Hospitali ya Khoula ilifunguliwa 1974, Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kikaanza 1986, Hospitali ya Kifalme 1987. Maabara kuu ya afya ya jamii ikawekwa Darsait, karibu na Matrah ileile.

Shuleni watoto walikaguliwa macho, waliokutwa na vikope wakapakwa malhamu ya tetrasaiklini. Waliojikunja kope walifanyiwa upasuaji. Ila nadhani mabomba ya maji na barabara vilifanya kazi kubwa kuliko malhamu, kwani mtoto anayenawa uso kila asubuhi hana cha kuwapa nzi. Watafiti waliofanya kazi Kongwa, mkoani Dodoma, waliona jambo hilo kwa karibu mwanzoni mwa miaka ya 1990: baada ya kijiji kutibiwa, watoto ambao nyuso zao zilibaki safi hawakupata vikope vikali kama wenzao. Tanzania bado inapambana na ugonjwa huo katika baadhi ya wilaya zake kavu. Oman, mwaka 2012, ikawa nchi ya kwanza duniani kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani kwamba vikope si tena tatizo la afya ya jamii.

Hapa maabara iliyokuwa imesubiri nje ndipo inapoitwa ndani. Vikope vikiwa vingi, kidole gumba na lenzi vinatosha, kwa kuwa karibu kila kinundu unachokiona kina mwenyewe. Vikishapungua, hesabu hugeuka. Vinundu hubaki wiki nyingi baada ya bakteria kuondoka, na bakteria wengine nao huweza kuvizusha. Muuguzi atahesabu 5 kwa uaminifu, na kipimo cha PCR, kinachotafuta chembe za urithi za kijidudu badala ya kukiotesha, kitajibu kwamba hakuna kitu. Hivyo ugonjwa uliofukuzwa kwa macho matupu sasa hauwezi kulindwa kwa macho matupu.

Na macho yenyewe yanasahau. Daktari kijana aliyehitimu Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos mwaka huu huenda amekutana na vikope kwenye picha ya kitabu tu. Akiletewa mtoto mwenye jicho jekundu, ataipindua kope, atatazama, atasita. Kisha atapitisha kijiti chenye pamba, atakitia kwenye kichupa na kukituma maabara.