Gumegume: Bunduki ya Bei Rahisi na Gharama Yake



Juzi asubuhi nilikuwa ndani ya daladala kutoka Mbagala kwenda Kariakoo, tumebanana kama ilivyo ada, nikamsikia mama mmoja akimwambia mwenzake: "Mume wangu? Shoga, usinikumbushe. Yule gumegume tu." Abiria wote tukacheka, hata kondakta akasahau kudai nauli. Lakini niliposhuka Kariakoo neno lile likanifuata mpaka studio.

Kwetu sisi watu wa mjini, gumegume ni mtu asiyefaa kitu. Unamtegemea, siku ya haja anakuangusha. Lakini neno hilo lina maana nyingine ya zamani. Gumegume ni jiwe gumu la kutolea cheche, na bunduki ya gumegume ni ile iliyowashwa kwa jiwe hilo. Jiwe, bunduki na mtu asiyefaa vimekaa katika neno moja, na anayejua bunduki ile ilivyofanya kazi haoni ajabu.

Hebu tuitazame. Mwenye bunduki alimimina baruti kupitia mdomo wa mtutu, akatia risasi ya mviringo, akashindilia kwa mdeki. Kisha akaweka baruti kidogo kwenye kifa, yaani kisahani kilicho ubavuni. Alipovuta kifyatulio, mtambo ulioshika jiwe uliruka ukapiga bamba la chuma. Cheche zikaangukia kifa, baruti ya kifa ikawaka, moto ukapenya katika tundu dogo, ndipo baruti ya ndani ikalipuka. Hesabu hatua hizo, ndugu yangu. Kati ya kidole kuvuta na risasi kutoka palikuwa na kitambo, na katika kitambo hicho moshi na moto vilikwisha kumwakia mpigaji mbele ya macho. Aliyepepesa jicho alikosa. Mvua ikinyesha, kifa kikalowa, bunduki haikulia kabisa. Baadaye zikaja za fataki, zilizopunguza kero hiyo, lakini nazo zilishindiliwa kwa mdomoni. Hizo ndizo babu zetu waliziita magobore.

Watu wengi hudhani shabaha ya bunduki iko kwenye mtutu. Mtutu ni nusu ya habari. Nusu nyingine iko pale kidole kinapokaa, kwenye kifyatulio, ambacho vijana wa jeshi hukiita triga. Bunduki ya kuwindia huwa na uzito wa kama kilo 3 hadi 4. Kifyatulio chake kikiwa kizuri, huachia kwa nguvu ya kilo moja na nusu hivi, bila kukwaruza. Kikiwa kibaya hudai kilo 3 au zaidi, tena kwa kukwama na kuteleza kama komeo lenye kutu. Maana yake ni kwamba kidole kinavuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa bunduki yenyewe. Ni lazima bunduki itikisike.

Na mtikisiko kidogo si kitu kidogo. Tuseme kati ya alama ya nyuma na alama ya mbele ya kulengea pana nusu mita. Mdomo wa mtutu ukienda upande kwa milimita 1 tu, basi kwenye umbali wa mita 100 risasi itakosea kwa sentimita 20. Kwa mnyama, hiyo ndiyo tofauti ya moyo na tumbo. Aliyepigwa moyoni ni kitoweo. Aliyepigwa tumboni ni maumivu yanayokimbia porini, na kama ni nyati au simba, ni mauti yanayomngoja mwindaji kichakani.

Kwa nini basi bunduki rahisi huwa na kifyatulio kibaya? Kwa sababu vyuma viwili vinavyoshikana ndani yake vinataka kusuguliwa na kugumishwa na fundi stadi, na kazi ya fundi stadi ni fedha. Kasoro ya mtutu mnunuzi anaweza kuiona kwa macho. Kasoro ya kifyatulio haionekani dukani. Huonekana porini, wakati muuzaji yuko mbali.

Sasa tuulize, bunduki hizo zilifikaje kwetu?

Ndugu msikilizaji, biashara ya mitumba haikuanza na mashati. Kati ya miaka ya 1860 na 1870 majeshi ya Ulaya yalitupa bunduki za kushindilia na kuchukua zile za kupakia kwa nyuma. Waingereza walichukua Martini-Henry mwaka 1871, Wafaransa wakachukua Gras mwaka 1874. Bunduki kuukuu zikabaki kwenye maghala kwa maelfu. Pamoja nazo zilikuwapo zile zilizotengenezwa makusudi kwa soko la Afrika, huko Liège nchini Ubelgiji na Birmingham nchini Uingereza, kwa bei ya chini kabisa. Bohari lake kwa upande wetu huu wa pwani lilikuwa Unguja. Kutoka huko zilivuka bahari, zikapanda na misafara hadi Tabora na Ujiji, na kurudi kwake zilirudi pembe za ndovu. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza aliyekuwa Unguja, Euan-Smith, aliiandikia serikali yake kwamba silaha zilizokuwa zikiingia zilikaribia laki moja kwa mwaka.

Mwaka 1890 mataifa makubwa yalikutana Brussels na kutia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa. Ndani yake mliwekwa pia marufuku ya kuingiza silaha katika sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Kukomesha utumwa ni jambo jema, hakuna atakayebisha. Lakini usomeke vizuri mkataba ule. Serikali za kikoloni ziliruhusiwa, kwa masharti, kuendelea kuuza bunduki za namna moja: za gumegume, zenye mtutu usio na mifereji ya kuzungusha risasi, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Yaani sheria ya dunia iligawa bunduki mafungu mawili. Inayolenga ilibaki na mtawala. Isiyolenga aliachiwa mtawaliwa.

Na bado wazee wetu waliwinda nazo. Wanyamwezi na Wamakua walisifika kwa uwindaji wa ndovu. Kwa kuwa bunduki haikuweza kumfuata mnyama mbali, mwindaji ndiye aliyemfuata karibu. Alisoma upepo, akatambaa, akasogea hatua chache tu kutoka kwa ndovu, mahali ambapo hata kifyatulio kibovu hakiwezi kukosa. Kilichopungua kwenye chuma alikilipia kwa ushujaa, na mara nyingine kwa roho yake.

Mlinganishe na Mskochi mmoja, W.D.M. Bell, aliyewinda Karamoja nchini Uganda mwanzoni mwa karne ya 20. Huyu aliua ndovu zaidi ya elfu moja, na wengi wao aliwaua kwa bunduki nyembamba ya milimita 7, ambayo wenzake waliiona ndogo mno kwa mnyama mkubwa kiasi hicho. Siri yake ilikuwa kuweka risasi mahali pake hasa. Jina lake limebaki katika vitabu vya uwindaji. Stadi alikuwa, sikatai. Lakini stadi wa Unyamwezi hakupewa chombo kile, na jina lake halikuandikwa.

Mitumba hiyo haikuwaangukia wawindaji peke yao. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, kampuni nyingi za askari Waafrika wa jeshi la Wajerumani hapa kwetu zilikuwa bado na bunduki aina ya Mauser ya mwaka 1871. Chombo kilikuwa na miaka 43, na baruti yake ilitoa moshi mzito. Askari akipiga mara moja tu, wingu jeupe lilimtangazia adui mahali alipo. Katika vita vya Tanga, mwezi Novemba mwaka huo, askari hao waliwashinda Waingereza waliokuja na jeshi kubwa kutoka India. Miongoni mwa mateka walizipata bunduki za kisasa za kutosha kampuni tatu na zaidi, na risasi 600,000. Ndipo wengine wao walipoonja bunduki isiyotoa moshi: baada ya kuipora kwa adui.

Ukishuka Posta, nenda katazame Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927. Yeye anawakumbuka askari na wapagazi wa upande wa Waingereza. Tazama alivyoinama mbele na singe yake. Mimi kila nikipita hapo huwafikiria wote, wa pande zote mbili, waliopigana vita vya wenyewe na vyombo vya wenyewe.

Labda utasema, haya ni mambo ya kale. La hasha. Baba mkubwa wangu alikuwa na gobore kijijini kwetu Mkuranga. Mtutu wake ulikuwa kipande cha bomba, kifyatulio kimechongwa na fundi wa kijijini kutoka chuma chakavu. Halikuwa la vita. Lilikuwa la nguruwe pori, wale wanaoingia shamba la mihogo usiku na kulimaliza kabla ya alfajiri. Usiku mmoja, tukiwa watoto, nguruwe wakaja. Mzee akalenga, akavuta. Kimya. Akavuta tena. Kimya. Akaishusha bunduki aitazame kulikoni. Hapo ndipo ilipolia. Marisau yaliingia mguuni mwa mwanawe, kaka yangu, aliyekuwa ameshika tochi. Leo kaka huyo anashona viatu Tandika, na akitembea anachechemea. Baba mkubwa aliishi miaka mingi baada ya usiku ule, wala hakuigusa bunduki tena. Nguruwe wakala mihogo.

Tena kuna baya kuliko kupoteza mihogo. Wataalamu waliotoa utafiti wao mwaka 2005 walihesabu watu wasiopungua 563 waliouawa na simba nchini Tanzania tangu mwaka 1990. Wilaya zilizoumia zaidi ni za kusini na pwani, Rufiji ikiwamo, mwendo wa saa chache tu kutoka Temeke. Na walichogundua ni kwamba simba hufuata nguruwe pori. Nguruwe akiingia shambani, mkulima hulala kwenye dungu amlinde, na simba anayemfuata nguruwe humkuta binadamu. Hivyo yule nguruwe aliyekoswa kwa sababu ya kifyatulio kibovu si hasara ya chakula tu. Ndiye anayemwonyesha simba njia.

Sisemi kila mtu apewe bunduki. Mji huu umezika watu kwa risasi za majambazi, na sheria ya silaha ya mwaka 2015 ina sababu zake. Wala siwatetei majangili, ambao nao gobore wanalijua vizuri. Nasema tu kwamba mkulima wa bondeni akiachiwa nguruwe, simba na kipande cha bomba, tumemrudisha kwenye mkataba wa mwaka 1890. Kama hatakiwi kuwa na bunduki nzuri, basi askari wa wanyamapori mwenye bunduki nzuri awe karibu naye. Askari aliye mwendo wa siku mbili hamfai aliye juu ya dungu.

Wala tusidanganywe kwamba rahisi lazima iwe mbovu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya Savage ya Marekani ilileta kifyatulio ambacho mnunuzi anaweza kukirekebisha mwenyewe kiwe chepesi bila kuwa cha hatari, na kikawekwa kwenye bunduki za bei ya kawaida. Washindani wake wakalazimika kufuata. Leo mwindaji wa kipato kidogo huko Marekani hununua bunduki rahisi inayolenga kuliko nyingi za ghali za zamani. Kumbe ujuzi ulikuwapo siku zote. Kilichokosekana ni mtu wa kumjali mnunuzi mdogo.

Wahenga walisema rahisi inavunja upishi. Ni kweli, lakini hawakutuambia nani aliyempelekea mpishi chungu chenye ufa. Karne nzima mwindaji wetu alikosa shabaha, akaonekana hajui, na huku chombo alichouziwa kilikuwa kimekwisha kukosa shabaha tangu kiwandani.

Kwa hiyo yule mama wa daladala nikimwona tena nitamwambia hivi: mama yangu, kabla hujamwita mwenzio gumegume, mtazame mkononi ameshika nini. Jembe lisilo na mpini, cheti kisicho na kazi, pikipiki ya mkopo yenye injini iliyochoka. Huenda kidole chake kinavuta kwa nguvu zote, ila mtambo ndio haushiki. Na kama ukikuta mtambo ni mzima na kidole ndicho kivivu, basi hapo, mama, gumegume ni jina lake halali.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.