Ufunguo wa kijani: jinsi Braid ilivyorudisha wakati nyuma

Mwaka 2003, gemu ya Prince of Persia: The Sands of Time ilimruhusu mchezaji kurudisha wakati nyuma, lakini kwa mgao. Mchanga ukiisha, ukianguka umekufa. Jonathan Blow akaja na Braid mwaka 2008 na kuondoa mgao huo kabisa. Rudi nyuma upendavyo, hata baada ya kufa! Sasa jamani, kama kila kosa linafutika, ugumu wa fumbo uko wapi?

Uko kwenye vitu vinavyong'aa kijani: hivyo havirudi nyuma. Ufunguo uko ndani ya shimo ambalo ukiingia hutoki. Unaruka, unauchukua, unarudisha wakati. Mwili unarudi juu, ufunguo unabaki mkononi. Kwangu mimi mwandishi wa programu, hiyo ni kanuni safi kuliko mchanga wowote.

Tena Blow hakupiga hesabu kinyumenyume. Programu yake iliweka rekodi ya hali ya mchezo, fremu baada ya fremu, kisha ikairudia. Kazi ikawa kuibana rekodi hiyo itoshe kwenye Xbox 360, mashine yenye kumbukumbu ya MB 512 tu.